Tangi la Kwanza la Samaki na Mimea ya Maji Baridi: Mwongozo Kamili kwa Mkaazi wa Tanga

Mkaazi wa Tanga anayetaka kuweka tangi la samaki sebuleni hukutana mapema na maelekezo yaliyotungwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Anaambiwa anunue hita ya kupasha maji moto, kisha atafute mawe ya chokaa ili maji yapate ugumu. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Maji yaliyokaa ndooni ndani ya nyumba ya Ngamiani wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, huweza kufika nyuzi 29 au 30 pasipo kuwashwa chochote, na chokaa imejaa ardhini kuanzia Amboni hadi ufukweni. Kinachomsumbua mfugaji wa Tanga ni joto lililozidi na chokaa iliyozidi, na hatua zote zitakazofuata zimepangwa kwa kuzingatia mambo hayo mawili. Jambo la tatu ni utaratibu: mimea hupandwa kwanza, samaki huingia mwisho, na maji uliyonayo ndiyo yanayochagua samaki utakaowafuga.

Kuyajua maji yako

Kabla hujatoa shilingi kwa fundi wa vioo, yachunguze maji. Wakaazi wengi wa mjini hutumia maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani, lililojengwa kwenye mto Zigi, ambao unashuka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Maji ya mto wa namna hii kwa kawaida si magumu sana, ila hutiwa klorini, na wakati wa masika huweza kubeba tope. Wengine wanategemea kisima, na hapo hali hubadilika kutoka mtaa mmoja hadi mwingine: kisima kimoja kina maji matamu, cha jirani kina maji magumu ya chokaa, na kilicho karibu na bahari kina chumvichumvi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji vifaa. Tazama ndani ya birika la chai. Likiwa na utando mweupe mgumu unaorudi kila baada ya kusuguliwa, maji yako yana chokaa nyingi. Jaribu pia sabuni ya mche: maji magumu hukawia kutoa povu. Kama maji yana ladha ya chumvi ulimini, yaache kabisa, kwa kuwa mimea mingi ya maji baridi huungua majani na kuoza. Ukiweza, agiza vipimo vya karatasi vinavyoonyesha pH (kiwango cha asidi ya maji), ugumu, nitriti na nitrati, pamoja na kipimo cha amonia ambacho mara nyingi huuzwa peke yake; maana ya amonia, nitriti na nitrati nitaieleza mbele. Vinauzwa mtandaoni, na vina faida kubwa kuliko pambo lolote utakaloshawishiwa kununua.

Maji magumu kiasi hayakuzuii kufuga. Samaki wadogo wa mapambo waitwao gapi, moli na plati hustawi katika maji yenye pH ya 7 hadi 8 na ugumu wa wastani hadi mkubwa, na mmea wa valisneria una uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyomo ndani ya maji magumu, jambo ambalo mimea mingine mingi haiwezi. Mwenye maji ya kisima cha chokaa na achague jamii hiyo, naye ataishi kwa amani. Kinachochosha ni kupigana na maji, kwa maana ya kutia asidi leo na kuona pH imerudi palepale keshokutwa, huku samaki wakiyumbishwa kila mara. Kama unataka kuyalainisha, njia salama ni kuchanganya na maji ya mvua, nusu kwa nusu. Uyakinge baada ya mvua za mwanzo kuliosha bati, kwani paa la nyumba ya pwani hubeba vumbi na chumvi ya upepo wa bahari.

Klorini huondoka yenyewe maji yakikaa wazi kwenye ndoo au beseni pana kwa muda wa saa 24 hadi 48. Funika chombo hicho kwa chandarua au kitambaa chepesi. Mbu wa dengi hutaga katika maji safi yaliyotuama majumbani, na Tanga ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa na mlipuko wa homa hiyo wa mwaka 2019, kwa hiyo ndoo za mfugaji wa samaki zisiwe ndizo zinazowaumiza watoto wa jirani. Tangi lenyewe likishapata samaki halina hatari hiyo, maana viluwiluwi vya mbu huliwa mara tu vinapoanguliwa.

Kioo na meza

Kwa anayeanza, tangi dogo sana ni gumu kulitunza kuliko la kati, kwa sababu maji machache hupata joto na kuchafuka haraka. Kipimo ninachokipendekeza ni urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Mafundi wanaokata vioo vya madirisha wanaweza kukukatia. Mwambie fundi akate kioo cha milimita 6 katika vipande vitano: sakafu moja ya sentimita 60 kwa 30, mbele na nyuma vya 60 kwa 35, na ubavu viwili vya 28.8 kwa 35. Sentimita 1.2 imepunguzwa ubavuni kwa sababu vipande hivyo hukaa katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma. Fundi asiyeelezwa hilo atakukatia 30 kamili na tangi halitafunga. Mwombe pia asage kingo zote.

Gundi iwe silikoni tupu, ile yenye harufu kali ya siki wakati inapokauka. Silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya bafu na jikoni mara nyingi hutiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huua samaki pia, kwa hiyo soma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Safisha kingo kwa spiriti, paka silikoni bila kuacha mapengo, simamisha kuta juu ya sakafu, zifunge kwa utepe, kisha uliache tangi kwa wiki nzima. Unyevu wa hewa yetu husaidia silikoni kukauka, lakini tabaka nene huchukua siku kadhaa kukomaa kwa ndani. Baada ya hapo lijaze maji likiwa uani na liache usiku kucha. Likivuja, ni afadhali livuje uani.

Tangi hilo likiwa na maji, udongo na mawe litakuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Meza ya televisheni ya mbao za kubandikwa haifai, maana hupinda taratibu na kioo hupasuka pasipo kukupa taarifa. Meza ya mbao ngumu yenye miguu minne iliyofungwa vizuri inatosha, na hata matofali ya saruji yenye ubao mnene juu yake hufaa, alimradi upimwe kwa pima maji ya mwashi na usiwe umeinama upande wowote. Tandika kipande cha sponji nyembamba au foamu nyeupe ya kufungia vifaa chini ya kioo ili kumeza vijiwe na mabonde madogo.

Mahali pa kuliweka pawe mbali na jua la moja kwa moja. Wengi hudhani mimea itafurahi dirishani. Itakayofurahi ni ukoga wa kijani, na maji yatapanda joto alasiri hadi samaki wahemee juu. Ukuta wa ndani wa nyumba, mkabala na njia ya upepo, ndio mahali pazuri. Usilipachike tangi pembeni ya jiko, wala pale ambapo dawa ya mbu hupulizwa kila jioni. Dawa nyingi za kupuliza zina sumu kali sana kwa samaki hata kwa kiasi kidogo.

Sakafu ya tangi: udongo, mchanga na mawe

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji akae zaidi, kwa kuwa kosa la sakafu halirekebishwi bila kubomoa kila kitu.

Njia yenye gharama ndogo na inayozaa mimea mizuri ni ya matabaka mawili: chini udongo wenye rutuba, juu mchanga wa kuuzuia udongo usitibuke. Udongo uwe wa bustani au shamba ambalo halijatiwa mbolea ya viwandani wala dawa ya wadudu. Udongo mwekundu wa kutoka milimani Usambara, kama una ndugu wa kukuletea mfuko kutoka Amani au Muheza, una chuma kwa wingi, na chuma ndiyo kirutubisho ambacho mimea ya tangi hukikosa mara kwa mara. Changanya sehemu mbili za udongo huo na sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa isiyo na harufu. Samadi mbichi isikaribie tangi, kwa kuwa hutoa amonia ya kuua. Udongo wa mikokoni nao, hata ukiwa mweusi wa kuvutia namna gani, una chumvi na salfa; uache hukohuko.

Chekecha udongo kuondoa mizizi na vijiti, uroweke katika ndoo, mwaga vinavyoelea, rudia mara tatu au nne, kisha uanike hadi uwe kama tope zito. Tandaza unene wa sentimita 2 na nusu, sawa na lita 4 hivi kwa tangi letu. Acha sentimita 3 tupu upande wa kioo cha mbele ukipenda, ili mchanga peke yake uonekane na tabaka la udongo lisiharibu sura.

Mchanga wa juu ndio mtego mkubwa wa pwani. Mchanga mweupe wa ufukweni Raskazone ni mzuri kwa macho, lakini una chumvi na vipande vya makombe na matumbawe, ambavyo vyote ni chokaa. Ndani ya maji chokaa huyeyuka polepole na kupandisha ugumu na pH bila kukoma. Mchanga wa mito inayoshuka kutoka Usambara ni mwingine, kwa kuwa miamba ya milima ile si ya chokaa, na chembe zake nyingi ni za kwatzi (quartz), ambazo haziathiri maji. Usiamini maneno ya dereva wa lori, pima mwenyewe. Weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye kisahani, mwagia siki, kisha tega sikio na uangalie kwa karibu. Ukichemka kwa vijipovu, una chokaa na haufai. Ukitulia, unafaa. Jaribio hilo hilo lifanyie kila jiwe kabla halijaingia, hasa ukizingatia kwamba mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa na maji katika mwamba wa chokaa, na mawe ya jamii hiyo yamezagaa kila mahali katika viwanja vya kujenga.

Chembe za mchanga ziwe za milimita 1 hadi 3. Mchanga laini kama unga hushikamana, hewa haipiti, na chini yake huzalika gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ni sumu kwa mizizi na kwa samaki. Osha mchanga hadi maji yatoke meupe, kazi inayochosha mikono kuliko zote katika mwongozo huu, kisha tandaza unene wa sentimita 3 juu ya udongo, sawa na lita 5 hivi.

Kwa kigogo cha kupamba, tawi kavu la mpera linatosha. Liroweke wiki mbili au zaidi hadi lizame lenyewe. Vigogo vya mikoko vilivyookotwa ufukweni vina chumvi, na kukata mkoko ulio hai bila kibali ni kosa kisheria, kwa hiyo sioni sababu ya kuhangaika navyo. Kuna zawadi nyingine ambayo Tanga inayo bure: majani makavu ya mkungu. Wafugaji wa nchi za mbali huyanunua kwa bei ambayo ingemshangaza yeyote anayeyafagia kila asubuhi mbele ya nyumba yake. Jani moja au mawili yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka na kuoshwa, hutoa tanini inayoshusha pH ya maji kidogo na kuyapa rangi ya chai, na husaidia kuzuia baadhi ya vimelea. Yakianza kutoboka, badilisha.

Mwanga, hewa na joto

Mimea haihitaji taa ya gharama. Taa ya LED ya mwanga mweupe wa mchana, ile iliyoandikwa 6500K, yenye lumeni 1,000 hadi 1,500 kwa tangi la ukubwa huu, inatosheleza mimea yote nitakayoitaja. Bomba la LED la sentimita 60 au globu mbili za wati 7 zilizofungwa ndani ya kifuniko hufikia kiwango hicho. Taa ya wati 14 ikiwaka kwa muda wa saa 7 kila siku hula takribani yuniti 3 za umeme kwa mwezi. Iwashe saa 9 alasiri na uizime saa 4 usiku, wakati ambao nawe upo nyumbani kufaidi. Na kama unaweza kupata swichi yenye saa ya kujizima, itafute, kwa sababu mimea hupenda ratiba isiyobadilika na wanadamu husahau.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa ndilo chaguo langu. Ni rahisi, halimezi vifaranga, na sponji yake ni makao ya bakteria wanaosafisha maji. Pampu ikae juu zaidi ya usawa wa maji au iwekewe vali ya kuzuia maji kurudi nyuma umeme unapokatika. Kila waya unaotoka tangini uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenda kuchomekwa, ili tone la maji likiteleza lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono.

Joto linahitaji maelezo kidogo. Maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu tu, na wakati huohuo samaki wenye joto hupumua zaidi. Ndiyo maana katika miezi ya kaskazi tangi lililojaa samaki huonyesha dalili za kubanwa pumzi alfajiri, baada ya mimea nayo kuvuta oksijeni usiku kucha. Dawa yake ni samaki wachache, uso wa maji unaotikiswa na vipovu, na feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 inayopuliza juu ya maji. Feni hiyo hushusha nyuzi 2 au 3 kwa njia ya mvuke, ingawa siku zenye unyevu mzito hupungukiwa na nguvu. Maji yatakayopungua yajazie kwa maji laini, ikiwezekana ya mvua, kwani kinachopaa ni maji peke yake na chokaa hubaki nyuma. Wakati wa kusi huna haja ya feni wala hita.

Kupanda

Aina nne au tano za mimea migumu zinatosha kwa mwanzo. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, hupandwa nyuma na hutambaa yenyewe kwa machipukizi. Anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi wenye majani manene ya kijani kibichi, na kangaga la Java hufungwa kwa uzi kwenye kigogo au jiwe; shina lao lililolala likifukiwa mchangani huoza. Kriptokorini hufaa katikati, na usitishike ikipukutisha majani yote wiki ya kwanza, kwani ndiyo tabia yake inapohamishwa, na huchipua tena kutoka mizizini. Aina ya mwisho ni Ceratophyllum demersum, mmea usio na mizizi unaopatikana hata katika mabwawa na maziwa yetu, ambao huelea na kukua kwa kasi na kunyonya uchafu wa maji kuliko mingine yote. Huo ndio mlinzi wa tangi changa, hata kama baadaye utautoa.

Kuhusu mimea ya kuokota, nitasema kwa ukali kidogo. Madimbwi na vijito vya uwanda wa pwani vina konokono wanaoeneza kichocho, na mtu anayeingia pekupeku kuvuta mmea anajihatarisha yeye mwenyewe. Nunua mimea kwa wafugaji, au omba vipandikizi kwa mwenye tangi. Ikisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, iviringishwe kwenye gazeti lililoloweshwa ndani ya mfuko uliofungwa, bila kuwekwa karibu na injini. Hata hivyo iweke kwanza kwenye ndoo ya peke yake yenye chandarua kwa wiki tatu, ukikagua na kuondoa konokono na mayai yao yanayofanana na jeli. Anubiasi na kangaga huvumilia kuchovywa kwa dakika 2 katika jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu 20 za maji kisha kusuuzwa sana; valisneria na Ceratophyllum hazivumilii.

Siku ya kupanda, lowesha sakafu kwa maji kidogo yanayofika usawa wa mchanga. Punguza mizizi ibaki sentimita 3, shika mmea kwa kibano kirefu, uzamishe chini kidogo kupita kiasi kisha uuvute juu hadi shingo ya mmea ionekane. Panda kwa wingi. Tangi lililopandwa nusu hutekwa na ukoga kabla mimea haijashika, kwa hiyo lenga kuifunika robo tatu ya sakafu tangu siku ya kwanza. Kisha weka sahani juu ya mchanga na mimina maji juu ya sahani, polepole, ili udongo usifumuke. Maji yakiwa na ukungu siku mbili za mwanzo, hayo ni ya kawaida.

Majira ya kusubiri

Sasa tangi linapendeza, na nyumba nzima itauliza samaki wako wapi. Jibu ni kwamba hawajafika na hawatafika kwa wiki nne hadi sita.

Sababu ni hii. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila na samaki huivumilia. Bakteria hao hawapo kwa wingi katika tangi jipya. Wanahitaji wiki kadhaa kujijenga juu ya sponji, mchanga na majani. Maji yetu yenye joto huwaharakisha, lakini joto na pH kubwa huiongezea amonia ukali: katika maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1, na pH ikiwa 8 sehemu hiyo hufika asilimia 6 au 7. Mwenye maji ya chokaa ana haki ya kuwa na subira maradufu.

Katika muda huo washa taa kwa muda wa saa 6 kila siku, endesha chujio usiku na mchana, na tia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili ili bakteria wapate riziki. Udongo wenyewe utatoa amonia wiki za mwanzo, kwa hiyo badilisha nusu ya maji kila wiki. Utaona vumbi la kahawia likifunika vioo na majani. Ni ukoga wa matangi machanga, ufute kwa kitambaa na utatoweka. Vipovu vikitoka ardhini, toboa mchanga taratibu kwa kijiti. Wenye vipimo wangoje mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri kwa wiki moja mfululizo huku chakula kikiendelea kutiwa. Asiye na vipimo angoje wiki sita kamili, na aone majani mapya, si yale aliyonunua, kabla hajafikiria samaki.

Samaki

Kwa lita 45 hivi za maji zitakazobaki baada ya udongo, anza na gapi madume 6. Nasema madume kwa makusudi: jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, na kwa muda mfupi utakuwa na kundi lisilotoshea. Madume ndiyo yenye rangi pia. Baada ya mwezi unaweza kuongeza plati watatu wa jinsia moja, ukaishia hapo.

Vifaranga vya perege na sato ambavyo huuzwa kwa ajili ya mabwawa visikuvutie kwa urahisi wa bei. Hufukua mchanga, hung'oa na kula mimea, na hukua kupita tangi. Samaki wa rangi wa ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, fahari ya nchi hii katika maduka ya ng'ambo, wengi wao ni wachimbaji na wagomvi, nao wanastahili tangi la mawe la peke yao. Wapo pia Nothobranchius wa madimbwi ya msimu ya uwanda wa pwani, ambao mayai yao hungoja mvua ndani ya tope lililokauka na ambao huishi miezi michache tu. Ni viumbe wa ajabu, lakini si wa tangi la kwanza.

Mfuko wa samaki ukifika, uache uelee juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane. Ufungue, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika 5 kwa nusu saa, kisha wachote samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje. Taa izimwe hadi kesho yake. Lisha mara moja kwa siku kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2, na siku moja kwa wiki usilishe kabisa. Mgeni atakapouliza kama hao wanaliwa, mweleze kwa upole, na umkataze mtoto aliyeshika kipande cha mkate.

Utunzaji wa kila wiki

Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, ukiujaza maji kwanza badala ya kuuvuta kwa mdomo, na urudishe maji yaliyokwisha kukaa siku nzima ndooni. Sponji ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha bombani, klorini itaua bakteria uliowangojea wiki sita. Maji uliyotoa mwagilia maua au mchicha, yana nitrati na yatafanya kazi nzuri.

Ukoga ukizidi, punguza muda wa taa uwe saa 6 kwa siku, punguza chakula, na ongeza mimea inayokua haraka. Dawa za chupa za kuua ukoga huacha mabaki yanayooza na kurudisha amonia, hivyo sizipendekezi kwa tangi changa. Majani mapya yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, mmea una njaa ya chuma. Fukia kibonge kidogo cha udongo mwekundu uliokaushwa karibu na mizizi.

Umeme ukikatika, usilishe. Saa mbili tatu hazina madhara kwa tangi lenye samaki wachache. Zikizidi, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kwa dakika kadhaa kila nusu saa, au uwe na pampu ya hewa ya betri kabatini. Sponji iliyokaa saa nyingi bila hewa isuuze kabla ya kuiwasha tena.

Baada ya miezi miwili au mitatu utaanza kupunguza mimea kwa mkasi kila wiki mbili. Vipandikizi vizima wape wenzako wanaoanza. Vilivyobaki vianike juani hadi vikauke kabisa kisha uvitie kwenye mboji, wala visitupwe mtaroni au mto Zigi, na vivyo hivyo kwa samaki waliozidi. Magugumaji yaliyolivamia ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalisambazwa duniani kama mmea wa mapambo.